Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji Aombe Nini?

Mafungu ya somo hili: Yohana 9:1–5, 18–23, Marko 9:14–29, Mwanzo 2:7, 1 Samweli 1:9–18, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, 2 Samweli 9, Yohana 19:25–27.

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza halikuwa juu ya chakula chake, wala mahali alipolala, wala jina lake. Walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Inafaa kukumbuka kwamba kipofu hakuwa kiziwi. Alikuwa pale pale akiwasikia wapita njia wakijadili kama hali yake ilitokana na uovu wa mama yake, na yaelekea hakuwa akiyasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza.

Wazazi wanaolea mtoto mwenye usonji wanalijua swali hilo, maana limewafikia kwa sauti nyingi. Mama mkwe huuliza kama upande wa mke kuna mambo yaliyofichwa wakati wa posa. Jirani hunong'ona juu ya mizimu ya ukoo. Mshiriki mwenzao kanisani, kwa nia njema kabisa, huuliza kama mama alifuata kanuni za afya alipokuwa mjamzito, kana kwamba ujumbe wa afya ulitolewa ili kuwatafutia akina mama makosa. Chakula bora ni baraka kwa kila nyumba, lakini hakuna mlo unaoleta usonji wala mlo unaouondoa. Na usiku, watu wote wakiisha kulala, baba mwenyewe huzipitia dhambi za ujana wake moja baada ya nyingine, akitafuta ile iliyomfikia mwanawe.

Wasomi nao hawakuwa bora kuliko wanafunzi wa Yesu katika jambo hili. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na hali ambayo leo huitwa usonji. Katika miaka iliyofuata madaktari wengi walishikilia kwamba chanzo chake ni mama mwenye moyo baridi, asiyempenda mtoto ipasavyo. Maelfu ya akina mama waliambiwa hivyo na watu wenye vyeti ukutani. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba shutuma hiyo haina msingi na kwamba chanzo kitafutwe katika ubongo. Hata hivyo mwaka 1967 Bruno Bettelheim bado aliandika kitabu cha kuwalaumu wazazi, na kilisomwa sana. Utafiti wa mapacha uliofanywa na Susan Folstein na Michael Rutter mwaka 1977 ulionyesha kwamba urithi una sehemu kubwa. Kisha, mwaka 1998, ikaja habari kwamba chanjo ndiyo inayoleta usonji. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, lakini mpaka leo kuna mzazi anayejilaumu kwa kumpeleka mtoto wake kliniki.

Linalojulikana ni kwamba usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, unaoanza mapema sana, hata kabla ya kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu hiyo ikiwekwa mbele ya kanisa lenye washiriki mia tano, maana yake ni kwamba jambo hili si la familia ya mbali.

Jibu la Yesu liliufunga mlango ule. Si huyu, wala si wazazi wake. Kisha alitaja kazi za Mungu kudhihirishwa, na hapo wazazi wengi huumia upya, kwa kuwa husikia kana kwamba Mungu alimnyima mtoto macho ili apate mahali pa kuonyesha uwezo wake. Lakini maandishi ya kale ya Kiyunani hayakuwa na vituo kama vya siku hizi, na wapo wafasiri wanaoyaunganisha maneno ya mwisho ya fungu la 3 na yale ya fungu la 4, hata maana ikawa kwamba, ili kazi za Mungu zionekane, lazima zifanywe sasa, kabla giza halijaingia. Kwa usomaji huo Yesu haelezi chanzo cha upofu hata kidogo. Anawaondoa wanafunzi katika swali lao na kuwakabidhi kazi.

Endelea hadi Yohana 9:18–23. Wazazi wa mtu yule waliitwa na viongozi wa dini wajieleze kuhusu mtoto wao, wakajibu kwa woga, kwa sababu walijua wanaweza kufukuzwa katika sinagogi. Ni mara chache fungu hilo huhubiriwa. Mzazi ambaye amewahi kuitwa kando baada ya ibada na kuulizwa, "Huyu mtoto ana shida gani?" analielewa bila mfafanuzi.

Kuna swali jingine ambalo haliwezi kupitwa, la mapepo. Waadventista huamini pambano kuu kati ya Kristo na Shetani, wala hawaoni haya kusema kwamba pepo wapo. Mtoto wa Marko 9 alikuwa na pepo. Injili inasema hivyo waziwazi. Lakini Injili zenyewe hazichanganyi kila kitu. Mathayo 4:24 hutaja wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza kila kundi kwa jina lake. Mtoto anayepunga mikono akifurahi, anayeziba masikio kinanda kikipigwa, anayerudia neno moja mara ishirini, anayelia kwa sababu njia ya kwenda kanisani imebadilishwa, hana pepo. Ana ubongo unaopokea sauti, mwanga na mabadiliko kwa namna tofauti. Kuna watoto ambao kijiko kikianguka sakafuni huwaumiza kama nyundo. Mtoto wa namna hiyo akishikwa na watu wazima sita, mikono kichwani, huku kila mmoja akipaza sauti sikioni mwake kwa jina la Yesu, swali la maadili haliko kwa mtoto. Ni watu hao sita wanaopaswa kujiuliza mtoto amejifunza nini siku hiyo kuhusu jina hilo.

Tazama badala yake jinsi Yesu alivyomwendea baba yule. Alimuuliza hali ile ilianza lini. Akamwacha aeleze habari zote, za moto na za maji, za mara ngapi mtoto amekaribia kufa. Na baba alipoomba, hakuomba kwa ajili ya mtoto peke yake. Katika fungu la 22 alijihesabu na yeye mwenyewe kati ya wanaohitaji kuhurumiwa na kusaidiwa. Yesu hakumkemea kwa hilo. Wala hakumkemea alipokiri kwamba ndani yake imani na kutoamini vinakaa pamoja.

Basi, mzazi aombe nini? Hapa ndipo penye ugumu, na haifai kupavuka haraka.

Wengi huomba usonji uondoke. Hakuna dhambi katika ombi hilo. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe (2 Wakorintho 12:8), na aliyekataliwa ombi lake si mtu wa imani haba. Lakini nyuma ya ombi hilo mara nyingi kuna picha fulani, nayo inahitaji kupimwa kwa Maandiko. Ni picha ya mtoto mwingine aliyefungiwa ndani. Watu humfariji mama wakimwambia kwamba mtoto wake halisi yumo humo ndani, mzima, mwenye maneno, na siku moja Mungu atafungua mlango atoke. Ni maneno ya upendo. Ila hayapatani na fundisho ambalo Waadventista hulirudia katika kila mazishi.

Soma Mwanzo 2:7. Mungu hakuumba nafsi akaitia ndani ya chombo. Alitwaa mavumbi, akapulizia pumzi ya uhai, na mtu akawa nafsi hai. Mwili, ubongo, pumzi, tabia, namna ya kutazama na namna ya kusikia, vyote pamoja ni huyo mtu. Kanisa hulitumia fungu hilo kueleza kwamba hakuna roho inayoelea baada ya kifo. Kama ni kweli kaburini, ni kweli kitandani kwa mtoto pia. Yule anayepanga vizibo vya soda kwa rangi zake saa nzima, asiyeitika akiitwa jina, asiyependa kukumbatiwa lakini huja kuuegemeza mgongo wake kwenye goti la baba, anayezijua namba zote za Nyimbo za Kristo ingawa hawezi kuomba maji, huyo ndiye mtoto. Hakuna mwingine nyuma yake. Mama akiomba kila usiku kwamba mtoto mwingine atoke, huenda bila kujua anaomboleza mtu aliye hai, amelala chumba cha pili.

Maneno hayo ni rahisi kuyasema vibaya. Usonji si laana, lakini si pambo pia. Wapo watoto wasiolala usiku mpaka wazazi wao wanasinzia kazini na kufukuzwa. Wapo wanaojigonga vichwa ukutani. Kifafa huwapata watoto wenye usonji kuliko wengine, na kifafa kina dawa, na kuiacha dawa kwa jina la imani ni kumjaribu Mungu. Wapo wanaopenda maji kiasi cha kutoroka kwenda kisimani au mtoni, na mzazi hajui raha ya kufunga macho mchana. Wapo wenye maumivu ya jino au tumbo ambao hawawezi kuonyesha panapouma, nao hupiga kelele siku tatu huku watu wakisema ni ukaidi. Hayo ni mateso. Mzazi aombe yaondoke, aombe bila kuchoka, na ampeleke mtoto hospitali.

Tofauti, basi, ni kati ya kumwombea mtoto na kuomba abadilishwe kwa mwingine. Si rahisi kuiona wakati wote. Kipimo kimoja kimo katika Luka 18:40, 41. Umati ulikuwa umemkemea kipofu wa Yeriko anyamaze. Yesu aliagiza aletwe, akamuuliza yeye mwenyewe anataka kufanyiwa nini. Hakuuliza umati, ingawa umati ungekuwa na jibu tayari. Mtoto asiye na maneno hawezi kuulizwa hivyo, lakini anaweza kutazamwa kwa uvumilivu mpaka anachotaka kionekane. Huenda jibu lake ni dogo kuliko ombi la wazazi. Huenda anataka kipaza sauti kipunguzwe. Huenda anataka shati lisilo na lebo shingoni. Mzazi anayeomba apewe macho ya kuyaona hayo ameomba jambo ambalo Mungu hulijibu mara nyingi, na mara nyingine hulijibu juma lilelile.

Tena aombe kwa ajili yake mwenyewe. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa tena (1 Wafalme 19:5–8). Mama aliyelala saa tatu kwa usiku kwa miaka minne hakosi imani. Anakosa usingizi.

Juu ya fimbo, jambo hili lisemwe waziwazi. Mama mwenye mtoto wa usonji husikia methali nyuma yake kila anapopita: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, samaki mkunje angali mbichi. Na wapo wanaoongeza Mithali 13:24. Lakini adhabu yoyote ya haki husimama juu ya mambo mawili: kwamba aliyeadhibiwa anajua kosa lake, na kwamba angeweza kutenda vingine. Mtoto aliyezidiwa na kelele za watu mia tatu na taa za umeme, akaanguka chini akipiga mayowe, hana hata moja kati ya hayo mawili. Kumchapa hapo si kumrudi. Ni kumwongezea maumivu mtu ambaye tayari anaumia, ili watu wazima waonekane wamefanya jambo. Mithali 22:6, ambalo pia husomwa kwa ukali, kwa Kiebrania hutaja njia ya mtoto mwenyewe, "njia yake". Wafasiri hawakubaliani sana juu ya maana kamili ya maneno hayo, lakini mzazi wa mtoto mwenye usonji hujifunza mapema kwamba mtoto huyu ana njia, na kwamba asiyetaka kuijua njia hiyo hawezi kumlea.

Soma sasa 1 Samweli 1:9–18. Eli alikuwa ameketi kitini pake, karibu na mlango wa nyumba ya Bwana. Alimwona mwanamke ambaye midomo yake inacheza bila sauti. Haikuwa namna ya kawaida ya kuomba. Kuhani mzee, mwenye miaka mingi ya kutazama waabuduo, alifikia uamuzi pale pale kwamba mwanamke yule amelewa, akamwambia hivyo. Katika nyumba nzima siku ile, aliyekuwa akiomba kuliko wote ndiye aliyekemewa kwa kukosa adabu. Sifa moja ya Eli ni kwamba Hana alipojieleza, alimsikiliza, akageuza neno lake, akambariki.

Kiti cha Eli kipo katika makanisa mengi, karibu na mlango, na mara nyingi anayekikalia ni shemasi mwema. Anasogea taratibu, anainama, anasema, "Samahani mama, tunaomba umtoe mtoto nje kidogo, watu wapate kusikia neno." Hiyo "kidogo" inaweza kuwa miaka sita. Mama hukaa chini ya mwembe Sabato baada ya Sabato, akisikia vipande vya hubiri upepo ukivuma upande wake. Kaka na dada za mtoto hujifunza kukaa bila mama. Baba huanza kusema ana safari. Baada ya muda karani wa kanisa huandika kwamba familia hiyo imerudi nyuma.

Watetezi wa utulivu hutaja Habakuki 2:20, juu ya dunia yote kunyamaza mbele za Bwana. Fungu hilo likisomwa pamoja na mawili yanayolitangulia, linasemwa dhidi ya sanamu za miti na mawe, zisizoweza kunena. Halikuandikwa juu ya watoto. Lililoandikwa juu ya watoto hekaluni ni Mathayo 21:15, 16, ambapo watoto walipiga kelele, wakuu wa makuhani wakachukia, na Yesu akasimama upande wa wenye kelele. Kicho ni neno zito na kanisa halipaswi kulipoteza. Lakini kicho ambacho gharama yake yote hulipwa na mama mmoja chini ya mwembe, huku waliobaki ndani hawalipi kitu, hakifanani sana na kicho cha Biblia.

Yanayoweza kufanywa si makubwa. Benchi la nyuma karibu na mlango liachwe kwa familia hiyo, ili mtoto atoke na kurudi bila kupita mbele ya watu. Sauti ya vipaza sauti ipunguzwe, jambo ambalo wazee wenye presha watalishukuru pia. Mwalimu wa darasa la watoto achore kwa picha mambo yatakayofuata, wimbo, hadithi, sala, na kuonyesha picha moja moja, kwa maana mtoto mwenye usonji huogopa zaidi asichokijua kinachokuja. Darasa lielezwe, na watoto wengine waelezwe, ambao kwa kawaida huelewa upesi kuliko wazazi wao. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri kikao cha konferensi. Shule ya Msingi City jijini Nairobi na Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam ni shule za umma, zenye msongamano na upungufu wote unaojulikana, na zote mbili zimekuwa na kitengo cha watoto wenye usonji. Konferensi Kuu nayo ina huduma kwa watu wenye ulemavu, ambayo imewahesabu walezi miongoni mwa wale inaowahudumia. Kanisa la mahali linaweza kuuliza ni nani kati ya washiriki wake aliyewahi kuisikia.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Amri ya Sabato inahesabu wanaopaswa kupumzika: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni. Sababu inayotolewa ni kwamba mtumwa apumzike kama anavyopumzika bwana wake. Sabato, kwa maneno mengine, haikamiliki nyumbani kwa mtu mpaka aliye chini kuliko wote naye apumzike. Mlezi wa mtoto mwenye usonji yuko wapi katika amri hiyo? Kwake Sabato mara nyingi ndiyo siku ngumu kuliko zote. Shule imefungwa, utaratibu wa juma umevunjika, nguo ni nyingine, umati ni mkubwa, chakula kinaliwa saa isiyo yake. Ng'ombe ana haki ya kupumzika kwa amri ya Mungu, na mama huyu hana hata saa moja.

Kanisa linaweza kumpa. Familia mbili au tatu zikizoea mtoto, zikimchukua kwa zamu mchana wa Sabato, mama apate saa mbili za kulala au za kusoma Biblia bila sikio moja kuwa mlangoni, hizo zitakuwa zimeitunza Sabato kwa namna ambayo Yesu aliitetea katika Mathayo 12:11, 12. Neno "zikizoea" lina uzito wake. Mtoto mwenye usonji hakabidhiwi kwa mgeni. Msaidizi anayetaka kusaidia Sabato moja tu, akapige picha, ni afadhali abaki nyumbani. Kwa mtoto huyo atakuwa mshtuko mwingine mpya. Anayeweza kuja Sabato kumi, akae tu sebuleni bila kudai kusalimiwa, huyo ataanza kuwa msaada mnamo ya kumi na moja.

Habari za Mefiboshethi huwafaa wazazi wengi kuliko habari za uponyaji, ingawa hazihubiriwi mara nyingi hivyo. Aliangushwa na yaya alipokuwa na miaka mitano (2 Samweli 4:4). Alipoitwa na Daudi alijiita mbwa mfu. Daudi hakumpeleka kwanza kwa waganga. Alimpa mashamba ya babu yake na nafasi mezani. Mwandishi anamaliza sura ya 9 kwa kusema kwamba alikula mezani pa mfalme siku zote, na hapo hapo, katika fungu hilohilo la 13, kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Hakuna "lakini" ya kuonyesha kwamba moja linazuia lingine. Je, katika kanisa lako kuna watu wanaosubiri miguu yao ipone ndipo wapewe kiti?

Swali la ubatizo linastahili somo lake lenyewe. Inatosha hapa kutaja kwamba towashi wa Matendo 8 alitoka Yerusalemu akiwa mtu ambaye Kumbukumbu la Torati 23:1 lilimweka nje ya kusanyiko, naye aliuliza ni kitu gani kinachomzuia. Kijana ambaye hasemi, lakini kwa miaka mingi ameonyesha kwa mwili wake wote kwamba anampenda Yesu na anataka kuingia majini kama wengine, amejibu maswali ya mchungaji kwa njia aliyo nayo.

Na ufufuo? Mzazi huuliza kwa sauti ndogo: siku ile, atakuwa yeye? Paulo anasema sote tutabadilika, na kuharibika kutavikwa kutoharibika (1 Wakorintho 15:51–54). Maumivu yataondoka, kifafa kitaondoka, kukesha kutaondoka. Lakini aliyefufuka wa kwanza alijulikana na Mariamu kwa namna alivyolitamka jina lake (Yohana 20:16), na wale wa Emau walimtambua kwa namna alivyoumega mkate. Alama za misumari zilikuwapo bado. Aliyefufuka alikuwa yule yule, na waliompenda walimjua kwa mambo madogo aliyozoea kuyafanya. Mzazi ana haki ya kutumaini kwamba atamjua mwanawe vivyo hivyo, na kwamba kwa mara ya kwanza watasemezana bila chochote kuwazuia. Nani atakuwa amejifunza lugha ya mwenzake, hilo halijaandikwa.

Limebaki swali ambalo wazazi hawalitaji darasani, ingawa ndilo linalowaamsha saa nane za usiku. Nikifa, nani atamtunza? Shangazi amesema atajaribu. Kaka yake mkubwa ameoa, na mkewe hajasema neno.

Soma Yohana 19:25–27. Yesu, akiwa msalabani, alikuwa na kazi ya wokovu wa ulimwengu mikononi mwake, na bado alishughulikia mahali atakapoishi mama yake. Hakusema kwamba Mungu atamtunza, ingawa hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alimtaja mtu. Alimwonyesha mwanafunzi kwa macho, akamkabidhi mama mbele yake naye akisikia, na tangu saa ile mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake. Lilikuwa jambo la imani na la mipango kwa wakati mmoja.

Wazazi wanaweza kufanya hivyo wakiwa bado wana nguvu, na wazee wa kanisa wanaweza kuketi nao kulifanya. Wosia uandikwe, na shamba au nyumba iliyotengwa kwa ajili ya mtoto itajwe kwa mipaka yake. Watu wawili au watatu waulizwe, wakubali kwa vinywa vyao wenyewe, si kwa kukisiwa, na mmoja wao awe na umri mdogo kuliko wazazi. Na daftari liandikwe, la kawaida tu la kurasa mia, lenye mambo ambayo hayamo katika cheti chochote cha hospitali: kwamba ugali asipewe ukiwa umegusana na mboga, kwamba akizunguka zunguka mlangoni anataka choo, kwamba anaogopa mashine ya kunyolea, anyolewe kwa mkasi akiwa amelala, dawa yake ya kifafa na saa zake, jina la mbwa aliyempenda, na namba ya wimbo wa kumwimbia, kwa sauti ya chini, ubeti wa pili kwanza.